Salisbury na viunga vyake

Wageni wengi wanaofika Salisbury, kusini mwa Uingereza, huwa na haraka ya kwenda Stonehenge, duara la kale la mawe makubwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapojipunja. Kanisa kuu la mji huo, lililoanza kujengwa mwaka 1220, lina mnara uliochongoka wenye urefu wa mita 123, mrefu kuliko wa kanisa jingine lolote nchini humo. Mnara huo uliongezwa baada ya kanisa lenyewe kukamilika, juu ya msingi wenye kina kifupi mno uliolazwa kwenye changarawe iliyolowa maji. Ndiyo maana ukisimama katikati ya jengo na kuinua macho, unaona wazi jinsi nguzo kuu za mawe zilivyopinda kwa kulemewa na uzito. Sakafuni kuna jiwe linalofunuliwa ili fimbo iteremshwe kupima kina cha maji yaliyo chini, kazi ambayo mimi ningeitazama kutwa nzima.

Humo humo imehifadhiwa mojawapo ya nakala nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, iliyoandikwa Kilatini kwa herufi ndogo ndogo zilizobanana. Ipo pia saa kongwe ya chuma isiyo na uso wala mishale, kwani kazi yake ilikuwa kugonga kengele tu.

Kaskazini kidogo ya mji kuna kilima cha Old Sarum, lilikokuwa kanisa la awali, ambalo misingi yake ingali inaonekana kwenye majani. Stonehenge yenyewe iko kilomita zipatazo 13 kutoka mjini, na kwa kawaida mgeni huitazama kutoka kwenye njia iliyotengwa, bila kuyagusa mawe.