Siku moja maishani mwangu: kahawa ina mwinuko, ukurasa hauna

Saa moja asubuhi. Umeme upo, kwa hiyo chochote chenye betri kinachajiwa kabla ya chai. Naishi Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya mlima Wanale, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti za WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa hapa mjini na wa upande wa Busia na Malaba. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, lakini mizigo ya mpakani huzungumza Kiswahili, na kurasa zao pia.

Saa mbili. Sauti ya Hajati kwenye WhatsApp. Ana stoo ya kahawa, na kila shehena anaiandikia makala yake ili wanunuzi wa Kenya wasome.

"Mwanangu, mtu wa Mombasa ananiuliza hii arabika imelimwa juu kiasi gani. Kijana wangu anaapa amejaza. Mbona mimi sioni?"

"Shikamoo Hajati. Nipe mpaka jioni."

Arabika ya Mlima Elgon bila mwinuko ni kahawa tu. Shamba likiwa juu, baridi huichelewesha kuiva na punje hukomaa ngumu, na mnunuzi mzoefu hulipia hilo. Ndiyo maana swali la Mombasa halikuwa la udadisi.

Saa tatu. Naingia kwenye hifadhidata kwanza. Kijana hakudanganya. WordPress huweka maneno ya makala kwenye jedwali moja, na habari za ziada kwenye jedwali jingine liitwalo wp_postmeta: namba ya makala, jina la habari, thamani yake. Mwinuko umo, aina ya kahawa imo, magunia yamo. Ni kama risiti iliyobaki kwenye droo la stoo: ipo, ila mteja hawezi kuisoma. Thimu, yaani mafaili yanayopanga mwonekano wa tovuti, haitoi kitu ambacho haikuambiwa ikitoe.

Kuna njia ya mkato ya zamani, the_meta(), iliyokuwa ikimwaga habari zote za makala kwa mpigo katika orodha. Imeshastaafishwa tangu toleo la 6.0.2, na sisikitiki. Mnunuzi hataki kumwagiwa droo zima.

Thimu ya Hajati ni ya mtindo wa PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, na ina thimu-mtoto niliyoitengeneza ili masasisho ya thimu mama yasifute kazi yangu. Kwa hiyo nafungua single.php ya mtoto, faili linaloonyesha makala moja, na ndani ya mzunguko wa makala (sehemu inayotoa makala yenyewe), chini ya kichwa, naweka hivi:

```
<?php
$mwinuko = get_post_meta( get_the_ID(), 'mwinuko', true );
if ( '' !== $mwinuko ) : ?>
  <p>Mwinuko: mita <?php echo esc_html( $mwinuko ); ?></p>
<?php endif; ?>
```

Mistari michache, lakini kila neno lina kazi. Hiyo true ya mwisho inaomba thamani moja. Ukiiacha unapewa safu, yaani orodha ya thamani, na ukiichapisha hivyo hivyo ukurasa unaandika "Array" mbele ya mteja. esc_html inahakikisha kilichobandikwa na mtu kinabaki maandishi, hakigeuki msimbo wa ukurasa. Na lile sharti la katikati linazuia neno "Mwinuko:" kuning'inia peke yake pale ambapo hakuna aliyejaza.

Wengi huandika if ( $mwinuko ) wakaishia hapo. Kwa mwinuko haidhuru. Kwa magunia yaliyobaki inadhuru sana, kwa sababu PHP huhesabu "0" kuwa si kitu. Shehena ikiisha, badala ya mnunuzi kuona "Magunia: 0", mstari wote unatoweka, naye anampigia Hajati simu kuuliza kahawa iliyokwisha kuondoka. Ndiyo maana nalinganisha na maandishi matupu tu.

(Mwenye thimu ya bloku, inayopangwa kwa vipande, hahitaji kugusa PHP kwa hili. Tangu toleo la 6.5, la 2024, aya inaweza kuunganishwa moja kwa moja na habari ya ziada, ili mradi imesajiliwa. Hajati hayuko huko bado, wala hana haraka.)

Saa saba. Malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga na matoke. Anayekuja Mbale akala chipsi ni shauri yake.

Saa nane. Makala nyingine zinaonyesha mwinuko, nyingine hazionyeshi, na zote zimejazwa. Napanda boda mpaka stoo.

Kijana ananionyesha anavyofanya. Kila makala anaandika jina upya kwa simu, na simu inampa herufi kubwa mwanzoni: "Mwinuko". Mimi naita "mwinuko". Hifadhidata kwa kawaida haijali tofauti hiyo, lakini get_post_meta husoma kutoka kwenye safu ya PHP, na huko M na m ni vitu viwili. Thamani nazo: "1800", "1800m", "kama 1,800 hivi".

"Sasa kaka, si wote wanaelewa?"

"Mtu anaelewa. Mashine utaipangia vipi 'kama' na 'hivi'?"

Akacheka. Namwonyesha kuchagua jina kwenye orodha iliyopo badala ya kuliandika, na thamani iwe tarakimu tupu. Neno "mita" litawekwa na thimu. Tunasahihisha za zamani pamoja huku wapakiaji wakipita na magunia, kila mara tukisogeza miguu.

Saa kumi. Hajati anataka ukurasa wa mbele uanze na shehena kubwa. Hapa thamani zote ni maandishi, na ukipanga kwa meta_value tu, yaani kwa thamani kama maandishi, 9 inaonekana kubwa kuliko 40, kwa kuwa herufi ya kwanza, 9, ni kubwa kuliko 4. Dawa ni meta_value_num, inayozipanga kama namba. Kuna mtego mwingine: ukitaja meta_key, yaani jina la habari, kwenye ombi, makala isiyo na habari hiyo haishuki mwisho wa orodha, inaondoka kabisa. Makala za salamu za Idi na matangazo ya stoo zilitoweka papo hapo. Nazitengea orodha yao pembeni, maana hata zingebaki, salamu za Idi hazina magunia ya kupangwa nayo.

Saa kumi na mbili jioni. Napandisha mafaili, nasafisha kashe (nakala za zamani za kurasa), namtumia Hajati kiungo. Sauti inarudi upesi.

"Naona! Mita elfu moja na mia nane. Mwanangu, na bei nayo uiweke hapo hapo."

Bei namkatalia. Inabadilika asubuhi na jioni, na ile ya jana ikibaki kwenye ukurasa ndiyo mnunuzi ataishikilia. Anakubali, kisha anauliza kama mwinuko unaweza kuandikwa kwa rangi ya kijani. Hiyo ni CSS, lugha ya rangi na mapambo ya ukurasa. Kesho.