Macbeth Juani, Besi Mlimani

Lango la tamasha la muziki na michezo ya kuigiza ya Shakespeare lilifunguliwa saa tano asubuhi. Tulianza kwa kuzisoma ratiba mbili kwa pamoja: ya maigizo na ya jukwaa kubwa la muziki lililokuwa juu ya kilima. Anayesoma ya maigizo peke yake huishia kumtazama Hamlet akifumba na kufumbua mdomo huku ngoma za jirani zikisema kwa niaba yake. Tulitafuta saa ambazo jukwaa kubwa linabadilisha bendi. Hapo hupatikana kama nusu saa ya utulivu, ingawa fundi sauti akianza kupima ngoma, du, du, du, utulivu huo ni wa jina tu.

Kutoka langoni hadi uwanja wa maigizo ni dakika 10 kwenye ramani. Kwa umati ule zilikuwa 25. Tulifika mapema kusudi tuchague pa kukaa. Wengi hukimbilia katikati. Sisi tulitazama kwanza bendera zinapeperukia wapi. Upepo unaotoka kwa waigizaji kuja kwako huinamisha sauti kuelekea masikioni. Unaovuma kinyume huipandisha ikapita juu ya vichwa. Umbali nao una bei yake: kwa mwigizaji asiye na maikrofoni uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hiyo aliyeketi mita 16 husikia pungufu ya desibeli 12 kuliko aliyeketi mita 4. Besi, ile sauti nzito ya ngoma na gitaa za chini, nayo hupungua kwa umbali, lakini haizuiliki kirahisi. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na turubai karibu haliizuii.

Tulitandika nailoni kwanza, kisha mkeka juu yake, maana nyasi zilizokauka juu bado huwa na unyevunyevu chini. Wenye viti virefu wakae nyuma. Ugomvi mwingi wa mchana ule ulianzia hapo.

Macbeth ilianza saa nane, jua la utosi, bila pazia wala taa. Wengine walilalamika kwamba mauaji ya usiku hayaendi na mwanga. Lakini Globe, ukumbi wa London wa mwaka 1599 ulioonyesha michezo ya Shakespeare, nao ulikuwa na uwanja usio na paa, na michezo ilichezwa alasiri. Ndiyo maana Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anamuuliza mwanawe usiku umefika wapi, na Fleance anajibu kwamba mwezi umeshatua. Maneno ndiyo yanayozima taa. Fleance wa siku ile alishika mwenge usiowaka, akakunja macho kama mtu apapasaye gizani, akatazama juu. Watoto wa mstari wa mbele nao wakatazama juu, kwenye jua, wakiutafuta mwezi.

Waigizaji walikuwa sita, kwa mchezo wenye wahusika zaidi ya 20. Kubadili mhusika ni kubadili joho au kofia, sekunde tano nyuma ya turubai. Ili saa moja itoshe, walikata sana mazungumzo ya Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, na Macduff, adui wa Macbeth, kule Uingereza. Hapo walikosea: Macduff akipewa habari za mkewe na wanawe kuuawa kabla hatujamzoea, msiba wake unapita kama tangazo. Afadhali wangekata wachawi kidogo.

Kiingereza cha zamani kikikushinda, soma kwanza tafsiri ya Kiswahili. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani (The Tempest), na Nyerere alitafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Ukishajua nani anamtaka nani afe, nusu ya sentensi inatosha.

Saa kumi na moja ilikuwa zamu ya Tufani, na jukwaa kubwa lilikuwa limeshachangamka. Onyesho la kwanza, la merikebu, lilifaidika: besi ikawa radi ya bure. Lakini linalofuata ni Prospero akimsimulia bintiye Miranda jinsi alivyopinduliwa, simulizi ndefu ambayo ukikosa sehemu tatu zake huelewi kwa nini kuna kisiwa. Tuliikosa. Ariel, jini mtumishi wa Prospero, alikuwa na maikrofoni ya shavuni. Jasho likaziba tundu lake, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Fundi aliifuta na kuivisha sponji mpya wakati wa wimbo, bila kusimamisha mchezo.

Manyunyu yalipoanza, mapanga yaliwekwa chini kwanza. Mbao za jukwaa zilizolowa huteleza, na pambano huzoezwa kwa hatua zilizohesabiwa. Mguu ukiteleza sentimita 20, ncha inafika isikokusudiwa. Waliokuja na miavuli waliombwa kuifunga. Koti la mvua ndilo linalofaa, maana mwavuli mmoja huwazuia watu watatu walio nyuma yako wasione.

Mwishoni Prospero huomba makofi ya watazamaji ili awe huru. Alipofika hapo, kilima kizima kililipuka kwa shangwe za bendi. Mwigizaji akageuka, akawainamia wale wa kilimani, kisha akatungoja sisi.