Miguu ya ndege ndogo hapa Tanga: hesabu saa 100, si 500

Kitabu cha matengenezo cha ndege ndogo ya Cessna 172 kinataka beringi za magurudumu zisafishwe na kupakwa grisi upya ndege inapofikisha saa 100 za mwanzo, na baada ya hapo kila saa 500. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Lakini maelezo yanaendelea: ndege ikifanya kazi kwenye vumbi au karibu na bahari, ikitembea sana ardhini, au ikiruka na kutua mara nyingi, muda unashuka na kuwa saa 100. Sasa chukua ndege inayolala uwanja wa Tanga, leo inavuka kwenda Pemba, kesho iko Pangani, keshokutwa Saadani. Bahari ipo, vumbi lipo, na anayekwenda Pemba na kurudi ameshatua mara mbili katika saa moja hivi ya kuruka. Kwetu sisi ile saa 500 haipo. Mwenye ndege wa pwani alijue hilo kabla hajaulizia bei ya spea yoyote.

Iwe kaskazi, iwe kusi, upepo unaleta unyevu wenye chumvi. Sehemu ya kwanza kuonyesha ni diski ya breki, kwa sababu ni chuma kisichopakwa rangi. Ndege ikikaa siku chache tu, diski inapata kutu ya juujuu. Kutu hiyo ikiwa nyepesi huondoka yenyewe breki zikishikwa mara mbili tatu wakati wa kutembea ardhini. Ikikaa wiki kadhaa inachimba vishimo, na vishimo hivyo vinakula lainingi (vipande vinavyobana diski breki ikishikwa) kama msasa. Zipo diski zilizopakwa kromu kwa ajili ya ndege za majini na za pwani. Kama aina yako ya ndege imeidhinishwa kuzitumia, ninashauri uzichukue hizo za kromu mara zile za kawaida zitakapofika ukomo.

Ukaguzi uanze ndege ikiwa bado imesimama kwa miguu yake, maana ukishaipandisha kwenye jeki kuna mambo hutayaona tena. Simama mbele utazame kama mabawa yako sawa. Angalia kiasi gani cha fimbo ya shokapu ya mguu wa mbele kinaonekana, na kama kuna mafuta mekundu yanayochuruzika. Tazama alama ya rangi nyekundu iliyopigwa kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu. Vipande viwili vya alama vikiwa vimeachana, tairi imezunguka juu ya rimu na imeikokota tyubu, na shina la vali litakuwa limeinama. Safari chache zijazo shina hilo litakatika, pengine ndege ikigusa ardhi. Sababu ya kawaida ni upepo mdogo ndani ya tairi. Kwa modeli ya 172N, tairi kubwa za 6.00-6 hujazwa psi (paundi kwa inchi ya mraba) 29, ya mbele ya 5.00-5 psi 31, na shokapu ya mbele psi 45. Usizihamishie namba hizo kwenye 172S, ambayo tairi zake kubwa hutaka psi 42 na ya mbele 45. Pima asubuhi, tairi zikiwa za baridi, wala si baada ya ndege kuanikwa juani mchana kutwa.

Kupandisha ndege kwenye jeki kufanyike ndani ya banda. Upepo wa baharini wa saa nane mchana unatosha kuisukuma ndege nyepesi ikaanguka kutoka kwenye jeki. Ukitaka kuinua pua tu, funga uzito kwenye pete ya kufungia mkia. Usikandamize bawa la mkia kwa mikono ukining'inia, ingawa utawaona watu wakifanya hivyo kila mahali. Mbavu za ndani za bawa hilo ni bati jembamba, zikipinda huzioni kwa nje. Ukiinua mguu mmoja wa springi, kumbuka kwamba uzito ukitoka mguu unarudi ndani, na jeki iliyokaa wima mwanzoni inaanza kulala upande. Weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, na simama pale ambapo jeki ikiteleza haitakukuta.

Sasa tairi. Hapa watu wameuawa duniani, kwa hiyo nitakwenda polepole. Rimu za ndege ndogo nyingi ni nusu mbili zilizobanwa pamoja kwa bolti. Ukilegeza bolti hizo tairi ikiwa na upepo, nusu mbili zinaachana kwa nguvu ya mlipuko. Toa upepo wote kabla hata hujalegeza nati ya ekseli. Kisha fungua sindano ya vali uitoe kabisa na uiweke mezani uione. Bonyeza tairi kwa mkono uhakikishe ni laini pande zote. Ndipo uguse bolti. Kubandua tairi kwenye ukingo wa rimu usitumie bisibisi wala mtalimbo. Rimu ni aluminiamu au magnesiamu, na mkwaruzo mdogo kwenye kona ile unageuka ufa. Kandamiza kwa mbao bapa pande zote mbili za tairi mpaka iachie.

Rimu ikiwa mikononi, isafishe, kausha, tafuta nyufa kwenye kona ya kukalia tairi na kuzunguka matundu ya bolti. Tochi na lenzi ya kukuzia vinatosha kwa kuanzia. Ukiwa na shaka, pima kwa rangi ya kupenya: paka, iache ipenye kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, pulizia poda nyeupe, subiri. Ufa utajichora wenyewe, mstari mwekundu juu ya weupe. Njia ya sumaku haifai kwenye rimu hizi kwa kuwa hazina chuma. Ihifadhi kwa bolti zake na kwa ekseli.

Beringi zinastahili muda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ziloweshe kwenye dawa ya kusafishia, zisugue kwa brashi, zikaushe kwa hewa ya kompresa, lakini zishike zisizunguke. Beringi isiyo na grisi ikizungushwa kwa hewa inajiumiza, na inaweza kukurukia vipande. Kisha izungushe taratibu kwa kidole, karibu na mwanga wa dirisha, ukitazama rola moja baada ya nyingine. Rola nzima ina mng'ao wa sare. Ukiona mstari mwembamba mweusi uliolala kwa urefu wa rola, na mstari kama huo kwenye kikombe chake (pete ya nje ambamo rola zinaviringika), hapo maji yalikaa wakati ndege imeegeshwa. Pitisha ukucha, ukikwama, beringi na kikombe vyote vinatoka. Rangi ya buluu au kahawia ni dalili ya joto, maana yake grisi iliisha au nati ilikazwa kupita kiasi. Usiweke beringi mpya kwenye kikombe cha zamani kilichochakaa. Kikombe kipya kinaingia kwa kupasha nusu ya rimu kwenye oveni, joto lisizidi nyuzi 121 za Selsiasi, huku kikombe kikiwa kimepoozwa kwenye friza. Kukigonga kwa nyundo kikiwa na joto la kawaida ni kuharibu rimu.

Grisi iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji, na ile ya zamani itoke yote. Grisi za aina mbili tofauti zikichanganyika zinaweza kulainika na kuvuja, na grisi iliyovuja inaishia kwenye lainingi za breki. Wakati wa kurudisha gurudumu, kaza nati ya ekseli huku unalizungusha mpaka lianze kuwa zito kidogo, kisha irudishe nyuma hadi tundu la karibu la kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke. Kotapini ni mpya kila mara. Aliyeinyoosha ya zamani akairudisha amebakiza gurudumu kwenye ekseli kwa bahati tu.

Kwenye breki za Cleveland, lainingi hubadilishwa zikifika inchi 0.100, yaani milimita 2.54, na unapima mahali pembamba kuliko pote. Lainingi ikiwa imeliwa kimshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, usibadilishe lainingi ukaenda zako. Kalipa, kile kifaa kinachobana lainingi kwenye diski, inatakiwa iteleze kwa uhuru kwenye pini zake mbili. Kwetu pini hizo hushika kutu, kalipa ikang'ang'ania, na lainingi ikabaki inagusa diski muda wote. Safisha pini, na kama unatumia kilainishi kiwe kikavu, kwa sababu grisi hapo inakusanya vumbi la uwanjani na kuwa tope la kusagia. 172 nyingi huhitaji lainingi 4 kwa breki zake mbili. Agiza na ribiti zake pamoja na oringi (pete ya mpira) ya kila pistoni, usingoje pedali ianze kuzama. Lainingi mpya lazima zizoezwe kwa utaratibu wa mtengenezaji, kwa kutembea ardhini na kushika breki kama kitabu kinavyoeleza kwa aina hiyo ya lainingi, la sivyo hazitashika vizuri.

Mafuta ya breki na ya shokapu ni yale mekundu ya MIL-PRF-5606. Mafuta ya breki za gari yanayouzwa mjini kwenye kila duka la spea hayaingii humu hata kwa tone. Mpira wa oringi hizi ukikutana nayo unavimba na kulainika. Ikitokea mtu ameyaweka, mfumo wote unamwagwa, unasafishwa, na kila kipande cha mpira kinabadilishwa. Kutoa upepo kwenye breki, sukuma mafuta kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu. Hewa inapanda yenyewe, kwa hiyo ifuate inakokwenda.

Shokapu ya mbele inaharibiwa zaidi na uchafu. Vumbi linaganda kwenye fimbo yenye mafuta, ndege ikitua linaburutwa hadi kwenye sili. Kitambaa safi chenye tone la 5606, kila asubuhi, kinaongeza umri wa sili kuliko dawa yoyote ya dukani. Ikianza kukaa chini, watu hukimbilia kuongeza upepo. Upepo hautoki peke yake. Mara nyingi mafuta yamepungua. Toa upepo wote, fungua vali, kandamiza shokapu mpaka mwisho, jaza mafuta hadi usawa wa chini wa tundu la vali, ivute ifike urefu wake wote, rudisha vali, na ujaze upepo gurudumu likiwa hewani. Naitrojeni ni bora; hewa ya kompresa ya hapa imejaa maji. Na usithubutu kufungua ile mikono miwili ya mkasi inayounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu wakati shokapu ina upepo, kwani fimbo itatoka kwa nguvu.

Rubani akilalamika kwamba pua inatetemeka anapotua, usianze kwa kuagiza dampa, kile kifaa cha kutuliza mtetemo. Anza na upepo wa tairi, uwiano wake, na kama imeliwa upande. Kisha inua pua, shika gurudumu kwa mikono miwili, lipindue kushoto na kulia huku mwenzako akitazama mkasi. Mara nyingi kulegea kunaanzia kwenye bushi na bolti zake. Dampa yenyewe inaweza kuwa imepungukiwa mafuta au ina hewa ndani. Ukifunga dampa mpya juu ya bushi zilizokwisha, itaonekana nzuri kwa muda, kisha mtetemo uleule utarudi na kuanza kula viungo vyake. Kwenye Cessna 182 na 206 ongeza jambo moja: pua nzito ikigongwa chini, ukuta ulio kati ya injini na chumba cha rubani unapinda. Tafuta mikunjo ya bati na doa jeusi kuzunguka ribiti, pale mguu unaposhikwa.

Miguu mikuu ya springi ya chuma inaonekana kama haina kazi, ndiyo maana inasahaulika. Fungua vibano vya bomba la breki na sehemu ya kidato cha kupandia, hapo ndipo maji ya chumvi yanapolala chini ya rangi. Uso wa springi bapa umegongwagongwa kiwandani kwa vipira vidogo vya chuma ili usipasuke kwa uchovu. Usiusage kwa grainda wala usitumie asidi ya kutolea kutu, kwa kuwa asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Kutu iliyochimba ipimwe kina chake kwa kipimo cha kitabu. Ikizidi, mguu unabadilishwa.

Spea zote zije na karatasi zake za kuthibitisha uhalali, FAA Form 8130-3 ya Marekani au EASA Form 1 ya Ulaya. Beringi yenye namba ileile kwenye duka la magari inaweza kufanana kwa kila kitu machoni, lakini bila karatasi fundi mwenye leseni hawezi kuisainia, na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) wakija kukagua haina utetezi.

Ukifunga tairi mpya, linganisha doa jekundu la tairi na alama nzito ya tyubu, au na vali kama tyubu haina alama. Paka poda ya talki, jaza, toa, jaza tena ili tyubu ijinyooshe. Bolti za rimu kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye rimu yenyewe, ukizungusha nati na si kichwa cha bolti. Piga alama mpya nyekundu. Tairi mpya inatanuka na upepo unashuka, kwa hiyo iache saa 24 kisha upime na kujaza tena kabla ya kuruka. Baada ya safari ya kwanza tazama chini ya kalipa na shokapu kama kuna tone jekundu, gusa rimu kwa uangalifu uone kama upande mmoja una joto kuliko mwingine, na andika kwenye kitabu cha ndege: tarehe, saa za ndege, spea iliyotoka na iliyoingia kwa namba zake, namba ya karatasi, sahihi na namba ya leseni.