Jina la mama kwenye mstari wa shahidi

Karatasi ya mauziano ya kiwanja chetu iliandikwa kwa mkono mwaka 1998, ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na tangu hapo imekaa kwenye mfuko wa nailoni, chini ya khanga, ndani ya sanduku la mama. Jina la mnunuzi ni la baba. Jina la mama nalo limo, chini kabisa, kwenye mstari wa shahidi wa mnunuzi. Najua, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kukimbizwa na sahani za vitumbua asubuhi, kwamba sehemu kubwa ya fedha ile ilitoka kwenye kikaango chake na kwenye zamu yake ya upatu.

Nilipokua nikamuuliza kama baba alikataa jina lake lisiandikwe. Akanishangaa. "Hakukataa, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza. Karani alisema, mwenye nyumba nani? Baba yako akajitaja, nami nikaonyeshwa pa kutia dole gumba."

Jibu hilo lilinirudia niliposoma utafiti ulioanza mwaka 2010 katika makazi ya watu wa kipato cha chini yasiyopangwa, hapa hapa Dar es Salaam, uliofanywa na kundi la wanauchumi wakiwamo Daniel Ayalew Ali, Klaus Deininger, Stefan Dercon na Justin Sandefur. Wakazi walipewa nafasi ya kupata hati miliki kwa bei za punguzo zilizotofautiana, na nani apate punguzo gani liliamuliwa kwa bahati nasibu, ili waliopata kingi na waliopata kidogo waweze kulinganishwa kwa haki. Baadhi walipewa punguzo la ziada kwa sharti moja: jina la mwanamke liandikwe kwenye hati, ama kama mmiliki ama kama mmiliki mwenza.

Matokeo ya kwanza yalihusu umaskini. Kadiri bei ilivyoshuka ndivyo watu walivyozidi kujitokeza, jambo linaloonyesha kwamba wakazi wa uswahilini hawakosi hati kwa kutojua thamani yake, bali kwa sababu gharama inawashinda. Matokeo ya pili ndiyo yaliyonikalisha chini. Punguzo dogo tu la kumwandikisha mwanamke lilitosha kufanya wanawake na wanaume wakaribie kulingana kabisa katika umiliki, na idadi ya waliotaka hati haikupungua kwa sababu ya sharti hilo.

Tafadhali litafakari hilo. Kila mjadala wa ardhi na wanawake unapoanza, tunajibiwa kwamba mwacha mila ni mtumwa, na watunga sera huondoka wakiamini kwamba wana ukuta mbele yao ambao utahitaji vizazi kadhaa kuubomoa. Kama imani kwamba ardhi ni ya mwanamume ingekuwa ngumu kiasi hicho, wanaume wale wangeliacha punguzo lipite. Hawakuliacha. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kile tunachokiita desturi katika ofisi za mijini ni mazoea ya fomu yenye mstari mmoja na karani mwenye swali moja. Ndiyo maana nina wasiwasi na tafiti zinazoishia kwenye dodoso la maoni, kwa kuwa mtu huyohuyo anayemjibu mtafiti kwamba ardhi ni ya mwanamume anaweza kumwandikisha mkewe kesho yake akipewa sababu ndogo ya kufanya hivyo.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamlinda mwenzi pale ardhi inapopatikana kwa ajili ya kukaliwa na wanandoa wote wawili. Lakini ulinzi wa namna hiyo hudaiwa mahakamani baada ya mambo kuharibika, ilhali jina lililo kwenye hati huonwa na benki, na mnunuzi, na mashemeji kabla hayajaharibika. Nawataja mashemeji kwa makusudi. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za urithi, linamnyima mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kumwachia atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili waliotolewa majumbani mwao kwa mila hizo.

Hata hivyo karatasi ina hatari zake. Nchini Rwanda, tathmini ya awali ya urasimishaji wa ardhi, yaani kupima na kusajili maeneo ya watu kisheria, ilionyesha kwamba wanawake wenye ndoa zilizosajiliwa walinufaika, huku wale wasiokuwa na cheti cha ndoa wakipoteza. Kwetu, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo, halmashauri itakayodai cheti dirishani itawaacha nje wanawake wengi wanaohitaji zaidi kuandikwa. Utafiti wa Dar es Salaam ulitaja mwanamke, bila kudai cheti, na naona hilo ni jambo la kuigwa sawa na punguzo lenyewe.

Urasimishaji ulipofika mtaani kwetu, wapimaji walikwisha kuweka vigingi, na fomu ikaletwa barazani. Haikuwa na punguzo lolote la kuandika majina mawili. Kijana aliyekuja nayo aliuliza swali lilelile la mwaka 1998, na kabla baba hajajibu nikamwomba aongeze jina la mama. Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Andika tu. Kwani nilikataza?"

Mama akaomba kalamu. Safari hii hakutaka kidau cha wino wa dole gumba. Aliandika majina yake matatu herufi kwa herufi, huku kijana wa watu akisubiri na jua likizidi kupanda, mpaka mstari ukaisha.