Nilivyorekodi Tsumago siku ya mvua

Mvua ilianza tangu Nakatsugawa. Nilikuwa nimetoka Tokyo alfajiri, nikabadilisha treni Nagoya, na kadiri tulivyozidi kuingia bonde la Kiso ndivyo milima ilivyozidi kumezwa na mawingu. Niliposhuka Nagiso kupanda basi la Tsumago ilikuwa inanyesha ile mvua ya Juni isiyo na haraka, inayoshinda kutwa nzima. Nami nilikuwa na siku hiyo moja tu.

Tsumago ulikuwa mji wa kulala wasafiri, kituo cha 42 kati ya 69 vya Nakasendo, barabara ya milimani iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Njia za kisasa zilipopita kwingine, mji ukasahaulika. Waliouokoa ni wenyeji wenyewe. Mwaka 1971 walikubaliana mambo matatu kuhusu nyumba zao: haziuzwi, hazikodishwi, hazibomolewi. Mwaka 1976 ukawa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kuhifadhiwa kisheria. Ukiwa na kamera unaiona kazi yao papo hapo, kwa sababu nyaya za umeme zimefichwa na mchana magari hayapiti mtaa mkuu. Unafungua fremu pana bila kukwepa nguzo hata moja.

Saa nzima ya kwanza niliipoteza. Nilitembea mwavuli mkono huu, kamera mkono huu. Nilipojibanza chini ya upenu kutazama nilichopata, picha ilikuwa inatikisika na sauti ilikuwa kama ya mtu anayekaanga samaki. Ni matone yaliyokuwa yakipiga mwavuli wangu. Lililoniuma zaidi ni kwamba mvua yenyewe haikuonekana kabisa. Barabara imelowa, watu wamejifunika, lakini tone hata moja hakuna. Kila picha nyuma yake kulikuwa na mbingu nyeupe, na tone la maji mbele ya weupe linapotea.

Mvua inataka giza nyuma yake, na mwanga unaotoka upande wa pili kuja kwako. Nikaanza kutafuta mahali hapo badala ya kutembea tu. Nilipapata kwenye masugata, pale barabara ilipopindwa makusudi mara mbili ili adui asiingie mjini moja kwa moja. Mbele yangu kulikuwa na kuta za mbao zilizolowa hadi zikawa nyeusi, na taa ya dukani iliyowashwa mapema kwa sababu ya mawingu. Upenu uliofaa ulikuwa wa nyumba ya bibi mmoja. Watu wanaishi humo, si makumbusho, kwa hiyo niliinama, nikamwonyesha kamera, nikaonyesha upenu wake. Akasema "dōzo", yaani karibu, akasogeza chungu chake cha maua ili miguu ya stendi ipate nafasi. Nilimshukuru kwa Kijapani changu chote, ambacho hakikuzidi maneno matatu.

Sasa mvua ikaonekana, nyuzi za fedha zikishuka mbele ya mbao nyeusi. Lakini taa ikawa inapwitapwita kwenye skrini. Tokyo nilikuwa nimerekodi wiki nzima kwa kasi ya shata ya 1/50, yaani kila picha ikichukua sehemu ya hamsini ya sekunde, kama ninavyofanya nyumbani, bila tatizo. Nikakumbuka kwamba Japani ina umeme wa aina mbili: upande wa mashariki mizunguko 50 kwa sekunde kama kwetu, upande wa magharibi 60, na taa hupepesa kwa kufuata mizunguko hiyo. Bonde la Kiso liko upande wa 60. Nikaweka 1/60, taa ikatulia. Fokasi nayo nikaizima isijiendeshe, maana ilikuwa inakimbilia kila tone.

Mchana niliingia mkahawa wenye kiyoyozi kula gohei mochi, wali uliopondwa na kuchomwa kwenye kijiti, umepakwa miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, na jozi. Mtamu kweli. Nilipotoka, lenzi ilifunga ukungu kama jicho lenye mtoto. Usifute, utaeneza unyevu tu. Niliiacha ipate joto la nje, na robo saa hiyo nikaitumia kuweka kinasa sauti mahali pakavu karibu na gurudumu la maji. Sauti hiyo ndiyo iliyobeba video yote: gurudumu likilalama, maji kwenye mfereji, na kwa mbali geta, viatu vya mbao, za mtu juu ya mawe.

Jioni nilirudi kwenye upenu wa bibi. Wageni walikuwa wameondoka, mtaa mtupu. Niliwasha kamera nikaiacha, bila kuigusa, dakika sita. Mwenye duka la mbele akatoka, akaingiza vitu vyake ndani, akafunga mlango, akazima taa. Zile nyuzi za fedha zikatoweka kwenye skrini mara moja. Mvua ilikuwa bado inanyesha, naisikia juu ya paa. Nikafungasha vyombo na kukimbilia basi la mwisho.