Kipandauso na tizi la asubuhi

Sisi wenye kipandauso kila mtu anatuambia "pumzika", na ni kweli siku kichwa kimeamka ni giza, ukimya na dawa basi, ila siku zile nyingine zote kichwa kimetulia ndo za kupiga tizi, na nalisema hili kwa nguvu maana limenisaidia mno.

Asiyekijua anadhani ni kichwa tu cha kawaida. Kinaweza kukushika masaa manne mpaka siku tatu, upande mmoja unagonga, kichefuchefu, mwanga hutaki, hata harufu ya kitunguu anachokaanga jirani inakuwa adhabu. Mimi kabla hakijaanza naona kimstari cha zigizaga kinametameta pembeni ya jicho, kinakua taratibu mpaka nikisoma meseji nusu ya maneno hayaonekani, halafu ndo kichwa chenyewe sasa.

Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walitoa utafiti wao wa wagonjwa 91, wamewagawa mafungu matatu, hawa wanaendesha baiskeli ya mazoezi dakika 40 mara tatu kwa wiki, hawa wanafundishwa kutuliza mwili, hawa wanameza topirameti, dawa ya kuzuia kipandauso, kila siku. Baada ya miezi mitatu kichwa kilipungua kote kote na tofauti kati yao haikuwa ya maana, ila waliopata madhara ni wale wa dawa tu. Kupungua lakini, sio kupona, tuelewane hapo. Na kama dokta kakupa dawa ya kuzuia usije ukaiacha kisa umeanza kukimbia, kaongee naye kwanza.

Sasa kwa Dar shida ni joto. Ukitoka mbio ghafla, jua limeshawaka, hujanywa maji, tumbo tupu, hayo mazoezi yenyewe yanakiamsha kichwa. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, nakula ndizi, nakunywa maji, natembea mpaka kijasho chembamba kianze kutoka ndo naanza kukimbia mdogo mdogo. Jumapili naenda na jogging ya mtaani kwetu huku Temeke, vijana wa mbele wanaimba na kupiga makofi wana spidi yao, mimi nakaa nyuma na kina mama wanaotembea haraka na hakuna anayenisukuma.

Kingine nachopenda ni kwamba Panadol nameza kwa nadra siku hizi, maana ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuletea kichwa, na wengi mtaani hawalijui hili kabisa.

Ila kichwa kikikupiga ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, hicho usikiite kipandauso, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Mwenye kipandauso aliyepo Temeke na anaogopa kuanza aje tu Jumapili, nyuma huku tunatembea.