Nilivyopima mwanga unaorudishwa na slabu, Mombasa

Mteja wangu wa Kisauni alitaka paneli za sola zile zinazoshika mwanga juu na chini, na slabu yake ni saruji tupu ya kijivu. Akaniuliza, je nikiipaka rangi nyeupe itanifaa kweli? Sipendi kumkisia mtu na hela ni zake, nikaazima piranomita, kile kifaa cha kupima nguvu ya mwanga wa jua, nikapanda nayo juu.

Ndani yake mna sahani nyeusi chini ya kuba la kioo, jua likiipiga inapata joto na lile joto linazaa umeme mdogo sana, hii ilikuwa inatoa kama maikrovolti 10 kwa kila wati moja ya mita mraba, manake jua kali la wati 1000 ni milivolti 10 tu, maltimita ya kawaida inasoma. Unaielekeza juu unasoma, unaigeuza chini unasoma, ya chini unaigawanya kwa ya juu, basi.

Kazi iko kwa mawingu. Ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, na kusi mwajua mawingu yake yanavyokwenda mbio, ukigeuza tu jua lishabadilika, ndo maana nilisoma juu, chini, halafu juu tena, zile za juu zisipolingana natupa zote naanza upya. Kila ukigeuza ipe nusu dakika itulie.

Sasa hapa kwenye kivuli cha stendi, ambacho hakitakiwi kuanguka pale unapopima, watu wa pwani tusikilizane. Maelekezo mengi yameandikiwa nchi za kaskazini, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, lakini sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo kuanzia Aprili mpaka Septemba jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Mkono wa stendi unaoshika piranomita nikauelekeza kaskazini, kivuli kikaanguka nyuma.

Kimo cha piranomita kutoka kwenye slabu niliweka nusu mita, hapo asilimia 90 ya unachosoma inatoka kwenye duara la mita moja na nusu kila upande, kwa hivyo si lazima upake slabu nzima, nilipaka kipande cha mita 4 kwa 4 kikatosha. Saruji ilirudisha kama robo ya mwanga, nyeupe karibu asilimia 70. Tofauti kubwa hio jamani!

Kuba nalo lifutwe kila asubuhi kwa kitambaa laini na maji yaliyokenekwa (distilled), chumvi ya bahari haionekani lakini ipo.

Mteja ameshapaka. Nimemwambia aoshe mara kwa mara, vumbi likishika nyeupe inashuka, na vuli ikiisha nitarudi kupima imeshuka kiasi gani, safari hio mkono naugeuza kusini.